Mgonjwa Asiyeitika: Yupo au Hayupo?

Katika wodi zetu kuna swali ambalo jamaa za mgonjwa huliuliza kwa sauti ya chini, wakiwa wamemvuta muuguzi pembeni karibu na dirisha: "Sista, huyu yupo kweli, au hayupo?" Hawaulizi habari za pumzi. Pumzi wanaiona, kifua kinapanda na kushuka. Wanamwuliza mwenyewe: yule baba aliyekuwa hanywi chai isiyo na tangawizi, yule binti wa kwaya, je, bado yumo ndani ya mwili huu uliolala na hauitiki?

Sisi tuliokaa wodini miaka mingi tunaulizwa jambo hili kana kwamba ufunguo wake unaning'inia kwenye sare zetu pamoja na saa. Hatuna ufunguo huo. Hata wenye vyuo vikubwa wanaoandika vitabu juu ya akili na fahamu hawajakubaliana. Lakini maoni tunayo, na mwezi huu tumeona tuyaseme wazi, kwa sababu jibu ambalo familia inajipa yenyewe huamua mambo mengi: kama mgonjwa atageuzwa usiku, kama ataendelea kulishwa, na kama watu watagombania shamba lake huku masikio yake yako palepale kitandani.

Kiswahili chetu cha wodini kina maneno mawili tunayoyachanganya kila siku: "haitiki" na "hajitambui". Haitiki ni jambo tunaloliona. Tumemwita, hakujibu, tumemminya kucha, hakusogea. Hajitambui ni jambo lingine kabisa. Hilo ni dai juu ya yaliyomo ndani yake, mahali ambapo hakuna muuguzi wala daktari aliyeingia. Mtu huruka kutoka neno la kwanza hadi la pili bila hata kuvuta pumzi, na hati ya rufaa huandikwa hivyo hivyo. Maoni yetu ni kwamba asiruke.

Hebu fikirini jinsi tunavyoijua akili ya mtu mwingine, hata aliye mzima. Hakuna aliyewahi kuiona akili ya jirani yake. Tunaona mkono unanyooshwa kwenye sahani, tunasema ana njaa. Tunamwona amenuna, tunasema amekasirika. Nia ya mtu hutufikia kwa ishara tu, na ishara ni kama daraja. Masika daraja likichukuliwa na maji, walio upande huu hawasemi kwamba kijiji cha ng'ambo kimekufa. Wanasema hatuna habari zao. Inawezekana kijiji nacho kimesombwa. Inawezekana watu wameketi jikoni wanasubiri mvua ikatike. Daraja lililovunjika halitwambii lipi kati ya hayo mawili ndilo kweli.

Kipimo tunachotumia kwa watu wazima kinaitwa kipimo cha Glasgow. Kilitungwa mwaka 1974 na madaktari Graham Teasdale na Bryan Jennett katika mji huo wa Uskoti. Macho hupewa alama 1 hadi 4, maneno 1 hadi 5, viungo 1 hadi 6. Aliye macho kabisa hupata 15, na aliye chini kuliko wote hupata 3. (Wanafunzi wetu hushangaa kwamba hakuna sifuri.) Kwa watoto wachanga wenye malaria ya ubongo, ambao hata wakiwa wazima hawajui kusema, kuna kipimo cha Blantyre, kilichotoka Malawi mwaka 1989. Chenyewe huanzia 0 hadi 5, na hutazama kama mtoto anaufuata uso wa mama yake kwa macho, jinsi anavyolia, na kama mkono wake unatafuta mahali anapominywa.

Vipimo hivi ni vyema mno. Vinatuonyesha usiku wa manane kwamba mgonjwa anashuka, kabla hajafika mahali asiporudi. Lakini vyote vinapima kuitika. Mtu aliyewekewa mpira kooni atapata 1 ya maneno hata kama ana hotuba nzima kifuani. Na bibi ambaye maisha yake yote amesema Kiiraqw, akiamriwa kwa Kiingereza afumbue macho naye asifumbue, tumepima nini hapo? Tumepima Kiingereza.

Macho nayo si shahidi wa kutegemewa. Kuna dawa ya usingizi iitwayo ketamini, inayotumika sana kwa upasuaji katika hospitali za wilaya na za misheni. Mgonjwa aliyepewa hiyo huweza kubaki na macho wazi, mboni zikichezacheza, pengine ananung'unika. Ndugu akichungulia angesema yuko macho. Kumbe kisu hakisikii, na akizinduka pengine husimulia kwamba alikuwa akielea juu ya dari. Hali kadhalika mtoto mwenye kifafa cha aina ile isiyomwangusha mtu. Katikati ya somo anaweza kusimama, akatafuna midomo, akapapasa vifungo vya shati, hata akatembea, naye asijue lolote. Mwalimu huona ukaidi, na fimbo hufuata. Mkono ulitenda, lakini nia haikuwepo. Kwa hiyo mwili waweza kutenda bila nia, na hilo wauguzi wote wanalijua. Je, nia yaweza kuwepo bila mwili wa kuitenda?

Yaweza. Mfaransa Jean-Dominique Bauby, aliyekuwa mhariri wa jarida la Elle, alipata kiharusi Desemba 1995. Alipozinduka, akili yake ilikuwa nzima lakini mwili ulikuwa umefungwa. Kilichomtii vizuri ni ukope wa jicho la kushoto. Mtu alimsomea herufi, naye akapepesa alipofika kwenye ile anayoitaka, na kwa namna hiyo, herufi moja moja, akatunga kitabu kizima. Kilitoka Machi 1997, siku chache tu kabla hajafa. Sasa jiulizeni ingekuwaje kama watu waliomzunguka wangekuwa na haraka, wasiutazame ukope ule.

Katika hospitali moja ya Putney, London, inayotunza walioumia ubongo, madaktari walichunguza upya wagonjwa 40 walioletwa kwao kwa maelezo kwamba hawana fahamu yoyote. Taarifa yao ya mwaka 1996 ilisema kwamba 17 kati yao walikuwa nazo. Wengi wa hao 17 walikuwa vipofu au wenye uoni hafifu sana. Walikuwa wamepimwa, pamoja na mengine, kwa kuambiwa wafuate kitu kwa macho!

Lile lililoshtua wengi zaidi lilitoka Cambridge, Uingereza, mwaka 2006. Mwanamke wa miaka 23, aliyeumia katika ajali ya barabarani mwaka 2005, alikuwa amelala kwa miezi mitano, anafumbua macho na kuyafumba lakini haonyeshi kuelewa kitu. Adrian Owen na wenzake walimweka ndani ya mashine inayopiga picha za ubongo ukiwa unafanya kazi. Wakamwambia: fikiria unacheza tenisi. Sehemu ya ubongo inayopanga mwendo wa viungo ikaamka. Wakamwambia: fikiria unatembea chumba hadi chumba nyumbani kwako. Sehemu nyingine ikaamka, ile ya kukumbuka mahali. Ilikuwa sawasawa na ubongo wa watu wazima waliopewa amri hiyo hiyo. Mwili wake haukutikisa hata kidole. Lakini aliambiwa, akaelewa, akakubali kufanya, akafanya. Kama hiyo si nia, basi hatujui neno nia lina kazi gani.

Mwaka 2010 watafiti hao pamoja na wenzao wa Liège, Ubelgiji, walitangaza kwamba katika wagonjwa 54, watano waliweza kufanya hivyo, na mmoja akajibu maswali kwa njia hiyo: tenisi ikiwa ndiyo, nyumba ikiwa hapana. Aliulizwa hata jina la baba yake. Na mwaka 2024 ukatoka utafiti mkubwa zaidi wa nchi kadhaa. Wagonjwa 241 ambao kitandani hawakutii amri yoyote walipimwa kwa mashine, na 60 kati yao, yaani robo, walionekana kuitii ndani ya ubongo.

Msomaji aliye makini atauliza kuhusu wale wengine 181. Nasi tunauliza. Wapo ambao bila shaka hawakuwa na fahamu. Lakini katika utafiti huo huo walipimwa pia wagonjwa 112 waliokuwa wakitii amri waziwazi kitandani, na mashine iliwatambua 43 tu. Maana yake mashine ikisema hakuna mtu, bado yaweza kuwa imemkosa. Tena, wale watano wa mwaka 2010 wote walikuwa wameumia kichwa kwa kishindo, kama vile katika ajali. Hakuna aliyekuwa ameumia ubongo kwa kukosa hewa. Familia ina haki ya kuambiwa tofauti hiyo, na si kubembelezwa.

Mashine hizo hospitali yetu haina. Tulicho nacho ni macho, masikio, saa na muda, na muda ndio ambao jamaa wanao kuliko sisi.

Hapa hatuna budi kusema jambo linaloumiza. Mara nyingi mama huja mbio ofisini: "Sista, amenishika mkono! Nimemwita, akanishika!" Tunakwenda naye. Tunaweka kidole kiganjani mwa mgonjwa, nacho kinafumbatwa. Mama analia kwa furaha. Lakini kiganja cha mtoto mchanga wa siku moja nacho hufumbata kidole, bila kukusudia. Uti wa mgongo na sehemu za chini za ubongo zina kazi zake zisizomwuliza mwenye mwili: kufumbata, kupiga miayo, kutoa machozi, kusaga meno, hata kutabasamu. (Kiswahili huiita neva "mishipa ya fahamu", kama vile fahamu ni maji yapitayo bombani, kumbe mingi ya mishipa hiyo hufanya kazi yake bila fahamu kupita humo.)

Tutajuaje basi kama mkono umefumba wenyewe au amefumba mwenyewe? Tunamwomba afanye jambo ambalo mwili haufanyi wenyewe, tena tunaliomba kwa kubadilisha. "Nishike." Tunasubiri. "Sasa niachie." Tunasubiri tena, hata kuhesabu hadi ishirini, kwa sababu ubongo ulioumia hujibu polepole na sisi huondoka mapema. Kufumba hakutupi habari nyingi. Kuachia ukiambiwa uachie ni habari kubwa. Halafu tunamwomba jingine, "Tazama juu, baba," na tunarudia asubuhi na jioni, maana fahamu za wagonjwa hawa huja na kuondoka kama umeme wa kijijini. Akikosa leo si kwamba atakosa kesho. Akipata mara moja tu, hatupigi vigelegele, tunaandika. Akipata mara tatu kati ya nne, tunamwita daktari.

Mama yule tunamweleza hivyo hivyo, kwa upole. Wengine hutukasirikia, na tunawaelewa. Lakini kumwambia uongo wa furaha ni kumdharau.

Tuje kwenye yale yanayosemwa nje ya geti. Katika sehemu nyingi za nchi yetu husemwa kwamba mgonjwa wa namna hii "amechukuliwa". Ati yeye mwenyewe ni msukule, anatumikishwa shambani kwa mtu, na kilicholala kitandani ni gogo la mgomba lililovikwa sura yake. Wasomi huwacheka wanaosema hivyo. Lakini tumewasikia wasomi hao hao wakitumia lugha ya Wazungu inayomwita mgonjwa huyu mmea, mboga. Sisi tunaona ni wazo moja lililovaa kanga mbili. Gogo la mgomba na mboga, vyote vinasema: mwenyewe ameondoka, kilichobaki ni kitu. Na kitu hakiamkiwi, hakiombwi radhi kinapogeuzwa, na kikisahaulika kwenye mkojo mpaka asubuhi hakuna aliyekosewa.

Ukilichimba wazo hilo, chini yake kuna picha ya mtu kama mpangaji ndani ya nyumba: siku moja huhama, nyumba ikabaki tupu. Mfaransa Descartes katika karne ya 17 aliitenga akili na mwili kuwa vitu viwili vya namna mbalimbali, na wengi wamemfuata bila hata kulijua jina lake. Kanisa lilikuwa limekwisha sema vingine katika Mtaguso wa Vienne mwaka 1312: roho ndiyo inayoufanya mwili huu kuwa mwili wa mtu. Kwa mafundisho hayo, maadamu mwili huu uko hai, mtu huyu yuko hai. Papa Yohane Paulo wa Pili alilisema hilo mbele ya madaktari tarehe 20 Machi 2004: mgonjwa wa hali hii ni mtu, hawi mmea kamwe, na kumpa chakula na maji, hata kwa mrija, kimsingi ni sehemu ya utunzaji wa kawaida. Mwaka mmoja baadaye yeye mwenyewe alikuwa mgonjwa asiyeweza kutoa sauti dirishani.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tunapowasikia mkizungumza kando ya kitanda, moyo hutuuma. Tumesikia kaka na dada wakibishana ni nani mwenye hati ya kiwanja. Tumesikia shemeji akisema waziwazi, "Afadhali angepumzika, anatumaliza." Tumewasikia pia wenzetu wa taaluma hii, wamesimama kila mmoja upande wake wa kitanda, wakimgeuza mgonjwa huku wanasimuliana harusi ya Jumamosi, kama watu wanaotandika godoro. Yote hayo yangeweza kusemwa uani. Inawezekana kabisa kwamba hakusikia. Lakini ikiwa alisikia, hana namna ya kujitetea, wala ya kusema, "Nimewasamehe."

Sisi tunaomba mumwamkie. "Shikamoo, baba, ni mimi, Jumanne leo, nimekuja na Mama Neema." Mwambieni anageuzwa kabla hajageuzwa. Msimulieni habari za nyumbani kwa lugha aliyolelewa nayo: ng'ombe amezaa, mahindi yameota, mtoto amefaulu. Mtu mmoja mmoja azungumze. Kundi la watu ishirini wanaosali kwa sauti kubwa humchosha hata mzima. Sala ya familia kwa sauti ya kawaida yatosha. Redio isiachwe ikilia mchana kutwa.

Tunajua wapo watakaosema: sista, maneno haya ni mazuri, lakini ng'ombe tumekwisha uza. Ni kweli, na hatulipiti neno hilo. Si kila matibabu lazima yaendelee milele, na familia inayomchukua mgonjwa wake nyumbani baada ya daktari kueleza kwamba hospitali haina zaidi haijamtupa. Tofauti iko katika namna anavyolala huko. Ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, vidonda visimle mgongo. Alishwe kwa mpira, uji mwepesi uliochujwa, kichwa na kifua vikiwa vimeinuliwa, abaki hivyo walau nusu saa baada ya kula. Kinywa kisafishwe, midomo ipakwe mafuta. Msimnyweshe kwa kijiko mtu asiyeitika, wala maji ya baraka kwa wingi, huenda mapafuni.

Na kwa yule anayezimia leo nyumbani, msikae kumjadili kama yupo au hayupo. Mlazeni ubavu, msimpe kitu chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Sukari kushuka, malaria, homa ya uti wa mgongo na kishindo cha bodaboda vyote humfanya mtu asiitike, na kadhaa kati ya hivyo hutibika kabisa vikiwahiwa.

Kwa familia ambazo tayari zina mgonjwa wa namna hii, wodini au nyumbani, tunaomba mnunue daftari. Andikeni tarehe, saa, nani alikuwapo, alimwambia afanye nini hasa, na nini kilitokea. Andikeni pia siku ambazo hakikutokea kitu, kwa sababu daktari akisoma ya furaha peke yake hatajua kitu. Andikeni kama ni mwoga wa giza, kama sikio moja halisikii, kama alikuwa akivaa miwani, na jina lile la utotoni ambalo sisi hatulijui. Daftari dogo la shule latosha. Liwekeni chini ya mto, upande wa kichwa, na siku ya raundi mlikabidhi kwa muuguzi wa zamu kabla daktari hajapita.